Kabla Hujajikuna

Wajukuu zangu, nimesikia kwamba mahindi yakishaingia ghalani mnakwenda porini: wengine kukata kuni, wengine kufyeka mashamba mapya, wengine mmepata kibarua cha kupalilia miti. Kazi ya mikono ni heshima na siwazuii. Ila kuna jambo ambalo watu wengi hujifunza kwa maumivu, nami sitaki nanyi mlijifunze hivyo. Hapa Ikinga, wilayani Ileje, nimeona vijana wenye nguvu wakirudi kutoka msituni macho yamevimba, mikono wameichubua kwa kucha mpaka damu, halafu siku nyingi hawawezi kushika jembe wala panga. Msitu ulikuwa na sehemu yake katika mateso yale, lakini sehemu kubwa waliifanya wenyewe kwa haraka ya mikono yao.

Neno langu ni moja. Mwili ukianza kuwasha, mkono usitangulie akili. Simama kwanza, ujue ni kitu gani kimekugusa, ndipo uamue la kufanya. Vitu vya porini vinavyowasha si vya aina moja, na tiba ya kimoja huwa ndiyo madhara ya kingine. Kuna kinachotaka sabuni na maji papo hapo, dakika ile ile. Kuna kingine ambacho ukikurupuka kukisugua umekisambaza mwili mzima. Na kuna mwasho ambao haukutoka msituni hata kidogo, umekukuta tu siku uliyotoka msituni, nawe ukiulaumu msitu utachelewa kutibiwa.

Nianze na upupu, maana ndio mwenyeji wetu.

Kwetu Ileje mvua huanza Novemba na kwenda mpaka Mei. Wakati huo upupu ni mmea wa kutambaa tu, wa jamii ya kunde, majani yake matatu matatu, unapanda juu ya vichaka na kingo za mashamba. Ng'ambo ya Mto Songwe, kwa ndugu zetu wa Malawi, wanauita chitedze, na mkivuka kwenda kufanya kazi huko mkasikia jina hilo, mjue ni ule ule. Maua yake ya zambarau huning'inia kwa vishada, na mtoto asiyejua anaweza kuyachuma asipate madhara. Ubaya unakuja na maganda. Yakikomaa hujipinda ncha zote mbili na kuvaa vinywele laini vya rangi ya dhahabu iliyokolea. Mvua zikikatika na ganda likakauka, vinywele hivyo hulegea. Panga likigonga mti, mbuzi akipita chini, au upepo ukivuma tu, vinapeperuka. Huhitaji kuugusa mmea. Ukiwa umesimama upande ambao upepo unaelekea, unaupata bila hata kuuona. Na msiba wake ni huu: Juni mpaka Oktoba ndipo pori linapitika, ndipo kuni zinakauka, ndipo watu wanafyeka mashamba, na ndipo upupu unakuwa mkali.

Kila kinywele ni kama mshale mdogo wenye sumu nchani. Hupenya ngozi ya juu, nacho kimebeba kimeng'enya kiitwacho mukunaini ambacho huamsha moja kwa moja mishipa ya fahamu inayopeleka habari ya mwasho. Wataalamu wawili, Walter Shelley na Robert Arthur, ndio waliokieleza kimeng'enya hicho na kukipa jina mwaka 1955. Nawatajia habari hii kwa sababu ina faida mkononi. Vidonge vya mzio mnavyouziwa dukani hufanya kazi kwa kuzuia kemikali ya mwili iitwayo histamini, na mwasho wa upupu kwa sehemu kubwa haupiti katika njia hiyo. Mtu akimeza kidonge akakaa kusubiri nafuu huku vinywele bado vimechoma ngozini, atasubiri sana. Dawa ya kwanza ya upupu ni kuviondoa vinywele, na hakuna kidonge kinachoweza kukufanyia kazi hiyo.

Basi fanyeni hivi. Ukihisi tu mwasho wa ghafla shingoni au mikononi, acha panga, toka mahali hapo uende upande ambao upepo unatokea. Usijikune, usijifute kwa mkono wa shati, usijipanguse jasho usoni. Kila unaposugua, unavizamisha vinywele ndani zaidi, unavivunja, na vile vilivyokuwa mkononi unavihamishia shingoni, machoni, na sehemu za siri utakapokwenda kujisaidia. Vua nguo taratibu. Hapa ndipo ninapowasihi mwende porini na shati la vifungo badala ya fulana, kwa sababu fulana huvuliwa kwa kupitishwa kichwani, na ikiwa imejaa upupu unajipaka uso mzima kwa mkono wako mwenyewe. Aliyevaa fulana na imejaa kweli, aichane kwa kisu kuanzia chini. Fulana ni bei ndogo, na macho hayauzwi.

Baada ya hapo, ngozi ikiwa bado kavu, viinue vinywele. Solotepu ndiyo nzuri kuliko vyote: bandika, bonyeza kidogo, bandua, tupa kipande, chukua kingine. Kila mwenye kwenda porini atie solotepu mfukoni, ni mzigo mwepesi. Kama hamna, chukueni tonge la ugali uliopoa na kushikamana vizuri, mlibonyeze juu ya ngozi na kuliinua, bila kuburuza, na upande uliokwisha kutumika usirudishwe. Udongo wa mfinyanzi uliolowanishwa nao unafaa: upake mzito kwenye ngozi isiyo na jeraha, uache ukauke, kisha uubandue vipande vipande. Vikishatoka, ndipo maji baridi ya kumiminika na sabuni, yakimwagwa bila kusugua kwa dodoki wala jiwe. Maji ya moto msiyatumie, yanazidisha mwasho. Ukimaliza, kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi kikae juu ya ngozi, nawe upumzike kivulini, kwa sababu jasho nalo linauchochea.

Mtaniuliza kuhusu majivu, maana wengi wenu mmekuzwa mkipakwa majivu. Siyadharau. Majivu makavu, yakinyunyizwa na kupeperushwa, hushika vinywele yakaondoka navyo, na wazee wetu hawakuwa wajinga. Lakini majivu yakichanganyika na maji ni makali, na yakiingia kwenye ngozi uliyokwisha kuichubua yanaunguza. Kwa hiyo ni kabla ya kujikuna, si baada yake, na kamwe si usoni. Kinyesi cha ng'ombe nakikataa moja kwa moja. Kina vijidudu vya pepopunda, na ngozi iliyokwaruzwa ni mlango ulioachwa wazi. Nakataa pia mafuta ya taa, maji ya betri na dawa ya kung'arishia nguo, ambavyo nasikia vijana wanavitumia wakidhani kinachouma zaidi ndicho kinachoponya. Hivyo vinaongeza kidonda juu ya mwasho.

Sasa nguo. Watu wengi hupona upupu wa porini wakaupata tena nyumbani kitandani. Nguo za kazi zisiingie chumbani. Ziloweke nje kwenye beseni la peke yake, zifuliwe peke yake, na anayefua avae glovu au mifuko ya plastiki mikononi. Ninyi mabinti, sikilizeni zaidi: ngata uliyobebea kuni ina upupu uliodondoka kutoka kwenye mzigo, na kanga uliyojifunga porini si ya kumbebea mtoto mgongoni jioni. Mtoto mchanga hawezi kukwambia anawashwa wapi. Atalia usiku kucha, mtampa maji ya sukari, mtampeleka kwa jirani, kumbe ni kanga.

Kinywele kikiingia jichoni, usilifikiche. Maji safi mengi, yamiminwe polepole kutoka upande wa pua kwenda nje, kisha zahanati siku hiyo hiyo hata kama maumivu yametulia.

Lakini mwenye busara haufuati upupu Agosti. Anaumaliza mvua zinapoelekea kuisha, wakati una maua na maganda hayajakomaa. Unaukata shinani, unauacha uoze, haujapata kuangusha mbegu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa upupu ni mgumu kuujenga, maana mbegu zilizoanguka mwaka huu ndizo zitakazowafukuza shambani mwakani. Na ukiukuta umekwisha kukauka, msiuchome moto mkiwa karibu. Moto hupandisha vinywele na moshi pamoja, vikaingia kooni na machoni mwa waliosimama wakitazama. Uache mpaka mvua za kwanza ziulowanishe, au ukatwe na mtu mmoja aliyejifunika vizuri, asubuhi na mapema umande ukiwa bado upo na upepo umelala.

Niseme pia jema lake, kwa kuwa si haki kusema baya peke yake. Mbegu za upupu zina levodopa, dawa ile ile wanayopewa wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa unaowatetemesha wazee na kuwakaza viungo. Na wapo ndugu zake wasiowasha, ambao maafisa kilimo wanawaita mukuna, wanaopandwa ili kufunika ardhi na kuirutubisha. Maganda ya mukuna ya kupandwa yana vinywele vifupi vilivyolala, havichomi. Ila msidanganyike mkala mbegu za porini kwa njaa. Kule Nampula, Msumbiji, wakati wa vita na ukame mwishoni mwa miaka ya 1980, watu walikula mbegu hizi bila kuwa na maji ya kutosha ya kuzichemsha na kumwaga mara nyingi, na wengi wao walichanganyikiwa akili kwa muda. Chakula hicho kina watu wanaokijua na namna yake ya kukiandaa. Asiyekijua asikijaribu.

Tuje kwenye utomvu, na hapa kanuni inageuka.

Upupu nimesema usikimbilie kusugua. Utomvu nasema kimbia. Mti ukikutia utomvu ngozini, usisubiri kuona kama utawasha, kwa sababu utomvu mwingi wa aina hiyo hauwashi siku hiyo. Ngozi inakaa kimya siku moja au mbili, kisha inapasuka vipele na malengelenge, nawe umekwisha kusahau uligusa nini. Waulizeni waliokwenda Mtwara na Lindi msimu wa korosho. Ndani ya ganda la korosho kuna mafuta meusi makali ambayo huunguza vidole mpaka ngozi ikabanduka, ndiyo maana wabanguaji hupaka mikono mafuta ya mbarika au majivu kabla ya kushika kazi. Mwembe ni wa ukoo huo huo mmoja na mkorosho, na wapo watu ambao wakimenya embe kwa meno hutokwa na vipele kuzunguka midomo, wakadhani embe limeoza. Ni utomvu wa ganda na wa kikonyo. Embe lioshwe, limenywe kwa kisu, na nyama ya ndani wengi wao wataila salama.

Ukoo huo umefika mbali. Mwenzenu mmoja akijaliwa safari ya Marekani, kwa masomo au kwa kazi, na akapata kibarua cha msitu katika majimbo ya California au Oregon, atakutana na kichaka kisichokuwepo kwetu, chenye majani matatu matatu yanayong'aa na kugeuka mekundu majira ya baridi yanapokaribia. Wenyeji wanakiita poison oak. Mafuta yake yanaitwa urushioli, nayo ni ndugu wa yale ya korosho. Yanapenya ngozi ndani ya dakika chache, kwa hiyo kuosha kwa sabuni na maji baridi ndani ya dakika kumi za kwanza kunaokoa sehemu kubwa, na kuosha baada ya nusu saa kunaokoa kidogo. Vipele hutokea baada ya saa 12 mpaka 48 kwa mtu ambaye mwili wake umekwisha kuyajua mafuta hayo, na kwa anayekutana nayo mara ya kwanza inaweza kupita wiki nzima au zaidi kabla ya kuona chochote. Hukaa kwenye mpini wa shoka, kwenye buti na kwenye manyoya ya mbwa kwa miezi. Askari wa zimamoto wa huko huumwa hata vifua kwa kuvuta moshi wa vichaka hivyo vikiungua. Na jambo ambalo watu wa kule hulikosea, kama tunavyolikosea sisi: maji ya malengelenge hayaambukizi. Kinachoambukiza ni mafuta yaliyobaki kwenye nguo na vifaa.

Kwetu utomvu wa kuogopwa zaidi ni ule wa mnyaa tunaopanda kuwa uzio. Maziwa yake meupe yakirukia jichoni yanachoma kama moto na yanaweza kumpofusha mtu kwa siku kadhaa, na asipotibiwa jicho linaweza kubaki na kovu. Mnapokata uzio wa mnyaa, vaeni miwani, simameni upande ambao upepo unatokea, wala msikate kwa panga linalorusha matone, tumieni mkasi au msumeno. Yakiingia jichoni: maji safi, mengi, kwa muda mrefu, nusu saa msihesabu kuwa ni nyingi, kisha hospitali. Msitie maziwa ya mama, msitie mkojo, msitie majani yaliyopondwa. Najua wapo wanaofanya hivyo kwa nia njema. Jicho halivumilii nia njema yenye vijidudu.

Na ninyi mnaokwenda kwenye miti ya kupandwa, kwenye shamba la Iyondo-Mswima la Wakala wa Huduma za Misitu au kwenye vitalu vya watu binafsi, mjue kwamba hata paini ina watu wake isiowapenda. Utomvu wake na vumbi la mbao huwatoa ukurutu viganjani wale ambao miili yao haiutaki. Ukiona mikono inapasuka kila wiki ya kazi na inapona ukipumzika, ngozi yako imekwisha kukujibu. Badilisha glovu, osha mikono kila unapopumzika, na ikiendelea omba kazi nyingine shambani humo humo.

Majani ya kuchoma ya kwenye makorongo yenye ubaridi sitayasemea sana. Yanauma papo hapo, unajua mara moja yalikukuta wapi, na kwa kawaida yanatulia ndani ya saa chache. Osheni kwa maji baridi, msijikune, mwendelee. Gorila wa milima ya Virunga, kule mpakani mwa Kongo na Rwanda, huyala majani ya jamii hiyo, na watafiti wameona jinsi wanavyoyakusanya na kuyakunja ili sehemu zinazochoma zibaki ndani kabla ya kutia mdomoni. Mnyama amejifunza namna ya kushika. Nanyi mnaweza.

Sasa niseme la mwasho usiotoka kwenye mmea, na hapa nawaomba usikivu kuliko kote.

Ukiamka asubuhi na mstari mwekundu shingoni wenye malengelenge, nao haukuwepo jana, huenda ni mdudu mwembamba mwenye rangi nyekundu na nyeusi anayefuata taa usiku, hasa wakati wa mvua. Hang'ati. Ukimponda juu ya ngozi ndipo maji yake yanakuunguza, na madhara hutokea kesho yake. Mpulize aondoke, kisha oshea sabuni mahali alipopita.

Mwasho unaozidi usiku, uliojificha katikati ya vidole, kwenye viwiko na kiunoni, na dada yako na mdogo wako nao wanajikuna, huo ni upele. Hauondoki kwa kumtibu mmoja. Nyumba nzima hutibiwa siku moja, na mashuka na nguo hufuliwa siku hiyo hiyo, ama sivyo mtarudishiana mwaka mzima.

Na ukiona vipele vya maji vimepanga mstari upande mmoja tu wa mwili, kutoka mgongoni kuja kifuani au upande mmoja wa uso, na kabla yake palikuwa panauma kama panapoungua, huo ni mkanda wa jeshi. Watu husema buibui amekukojolea, au umepita mahali pabaya msituni. Siyo. Ni virusi vya tetekuwanga uliyougua utotoni, vimelala ndani ya mishipa na sasa vimeamka. Ipo dawa yake hospitalini, asiklovia, na inafaa zaidi ikianza ndani ya saa 72. Kwa kijana, mkanda wa jeshi ni sababu ya kupima VVU. Nasema wazi kwa kuwa nawapenda. Tunduma iko jirani, madereva wa malori wa nchi nyingi hulala pale wakisubiri kuvuka mpaka, na vijana wetu wanakwenda kutafuta riziki pale. Kupima ni bure, dawa za kufubaza virusi ni bure, na mtu anayezimeza vizuri anaishi, anaoa au kuolewa, anaweza kuzaa watoto wasio na virusi. Aliyechelewa kwa kulaumu buibui ndiye tunayemzika.

Hapo hapo naligusa jambo linaloniuma moyo. Mtu akirudi kutoka porini amevimba mwili, wapo wanaokaa chini kutafuta ni nani amemroga. Nimeona jirani akinyimwa salamu kwa sababu ya vipele ambavyo vilikuwa vya upupu. Bibi mzee, tena mjane asiye na mtetezi, ndiye anayetajwa. Msishiriki hilo hata kwa kunyamaza. Mkisikia jina linatajwa, ulizeni kwa sauti: alipita wapi, alikata nini, alivaa nini, lini mwasho ulianza, nani mwingine anawashwa? Maswali hayo matano huokoa mgonjwa, na huokoa pia mzee wa watu.

Nanyi wanafunzi, acheni kutia upupu kwenye viti vya wenzenu na kwenye magodoro ya bweni. Najua mnaliona jambo la kuchekesha. Mwenzenu mwenye pumu akivuta vinywele vile anaweza kukosa pumzi mbele yenu, na hapo hamtakuwa na la kufanya.

Kuhusu dawa za madukani, nitasema kwa kifupi. Losheni ya kalamaini inapooza ngozi na haina hatari kubwa. Krimu ya haidrokotizoni ya asilimia 1, ikipakwa kidogo kwa siku chache, inatuliza vipele vya utomvu. Vidonge vya mzio vinavyoleta usingizi vinaweza kukusaidia ulale bila kujikuna, ila usimeze kisha ukashika pikipiki au msumeno. Nunueni kwenye Duka la Dawa Muhimu lenye kibali na mumweleze muuzaji ukweli wote. Zile krimu kali zinazouzwa sokoni kwa ajili ya kung'arisha uso, zenye steroidi zenye nguvu, msizipake kwenye vipele vyenu. Zitatuliza kwa siku mbili, kisha ngozi itakuwa nyembamba, na kama chini yake kulikuwa na fangasi itasambaa mwili mzima.

Kateni kucha fupi kabla ya kwenda porini. Usiku mtu hujikuna akiwa amelala, na kucha ndefu ndizo zinazoingiza vijidudu vya usaha.

Na kuna dalili ambazo si za kusubiri asubuhi: midomo au ulimi kuvimba, kifua kubana, sauti kubadilika, kizunguzungu, macho kufumba kwa uvimbe, vipele kuenea sehemu kubwa ya mwili, homa, usaha, au mistari myekundu inayopanda kutoka kwenye jeraha. Hapo bodaboda iitwe usiku ule ule, mwende zahanati, na wakiona hali inawashinda watawaandikia rufaa kwenda hospitali ya Itumba, Isoko au Vwawa. Mkifika mseme kila mlichopaka, hata kile mnachokionea aibu, maana mganga hawezi kutibu alichofichwa. Magonjwa ya ngozi ni elimu kamili yenye wataalamu wake. Moshi, penye hospitali ya KCMC, kipo kituo ambacho tangu mwaka 1992 kinafundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Ngozi ikikusumbua miezi na miezi, omba kuonana na mmoja wao, usikubali kuambiwa kwamba ni vipele tu.

Limebaki la waajiri wenu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga, na asimkate mshahara kwa ajili ya vifaa hivyo. Wengi wenu mnaajiriwa kwa maneno tu njiani, na mkandarasi anahesabu visiki mlivyong'oa bila kuuliza mmevaa nini. Basi kabla hamjakubaliana bei, ulizeni ni nani atakayewajibika kuleta glovu za ngozi, buti, miwani, maji ya kunawa na sabuni. Ulizeni kwa heshima lakini ulizeni mkiwa wengi pamoja, kwa kuwa mmoja atafukuzwa na kumi hawatafukuzwa. Mzunguke eneo lile na mkandarasi kabla ya kazi kuanza, mkaonyeshane upupu uko wapi na mnyaa uko wapi, na sehemu hizo ziachwe zifyekwe asubuhi yenye umande. Akisema hana glovu, gharama ya glovu na buti iongezwe kwenye bei ya kibarua, iandikwe kwenye daftari, na mwenyekiti wa kitongoji aweke sahihi yake chini.